Mashine Iliyogoma Kuamka: Historia ya Hitilafu za Linux Baada ya Kupandisha Toleo

Kompyuta inayoendeshwa na mfumo wa Linux haiamki kwa tendo moja. Kati ya kubonyezwa kwa swichi na kutokea kwa kisanduku cha kuandikia jina na neno la siri, kazi hupita katika programu nne au tano zinazopokezana kijiti: programu ndogo iliyochomwa ndani ya chipu ya madabodi hukagua viungo vya mashine kisha hutafuta diski, kutoka kwenye diski husomwa programu ya kuamshia, ambayo mafundi huiita butiloda, butiloda hupakia kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayogawa kumbukumbu na kuamuru vifaa vyote, kiini hushika diski na kuita programu ya kwanza ya kawaida, nayo hiyo huziita zilizobaki. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoijua safari nzima. Kila moja hujua jambo moja la lazima, nalo ni mahali inapokaa mrithi wake, na kwa sababu hiyo kupandisha toleo, yaani kuuondoa mfumo wa zamani na kuweka mpya juu ya diski ileile, kumekuwa tangu miaka ya 1990 saa ya hatari kuliko zote katika maisha ya mashine, kwani huhamisha mmoja wa wapokezanaji bila wenzake kupata habari.

Mwenye mashine anapoona kioo cheusi asubuhi baada ya kazi ya usiku, hudhani kwamba diski imekufa na nyaraka zake zimekwenda nayo. Mara nyingi hakuna kilichoungua. Barua, hesabu na picha ziko palepale zilipokuwa, na kilichopotea ni anwani tu. Historia ya hitilafu hizi, ikitazamwa kwa makini, ni historia ya namna ambavyo programu zimekuwa zikielekezana mahali, na ni historia ambayo mafundi wa pwani ya Tanga waliingia wakiwa wamechelewa, wakakuta nusu yake imekwisha kuandikwa.

Tanga, jiji lenye kata kama Chumbageni na Makorora, ni mji wa bandari ambako ujenzi wa reli ya Usambara ulianza mwaka 1893, miaka mingi kabla ya reli ya kati kuanza kujengwa. Mji ulioizoea mashine ya mvuke mapema hivyo ulichelewa kuifahamu kompyuta, na sababu haikuwa ya Tanga peke yake. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kuleta hasara na mkanganyiko, serikali ilipiga marufuku mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni, vitu viwili ambavyo leo ni vigumu kueleza jinsi vilivyowekwa kapu moja. Marufuku hiyo ililegea polepole katika mageuzi ya biashara ya miaka ya 1980 na 1990. Kwa hiyo wakati mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipotangaza mwezi Agosti 1991 kwamba anaandika mfumo endeshi wake mwenyewe, sehemu kubwa ya Tanzania Bara ilikuwa haijaona kompyuta ya mezani, sembuse kuifungua na kuihariri.

Zilipoanza kufika kwa wingi, mwishoni mwa miaka ya 1990 na baada yake, kompyuta nyingi za miji ya mikoani zilikuwa mitumba: mashine zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya na Asia, zikauzwa upya katika maduka yaliyokaa bega kwa bega na steshenari na vyumba vya intaneti. Windows ndiyo iliyokuwa mfumo wa wengi, na ingali hivyo. Linux ilikaa zaidi kwenye seva, yaani mashine inayohudumia mashine nyingine, na mikononi mwa wanafunzi na mafundi waliovutwa na kuwa kwake programu huria, programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuisoma ilivyoandikwa, kuibadilisha na kuigawa. Uhuru huo ulikuwa na bei yake: mashine ikigoma hakuna kampuni ya kupigiwa simu, na fundi alibaki na kioo, kibodi na maarifa yake.

Mzizi wa matatizo mengi uko katika nafasi ndogo mno. Kompyuta binafsi ya IBM ilitoka mwaka 1981 ikiwa na BIOS, ile programu ya ndani ya chipu, na diski kuu ilipoingia rasmi katika ukoo huo mwaka 1983 ikawekwa kanuni kwamba BIOS itasoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512, na kuitii. Kati ya baiti hizo 512, 64 huorodhesha vigawanyo vya diski, visivyozidi vinne. Mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sehemu hiyo inafaa kuamshia. Na zinazobaki, 446, ndizo chumba chote alichoachiwa mwandishi wa programu ya kuamshia. Aya hii yenyewe haitoshi kuingia humo. Haiwezekani katika nafasi ya namna hiyo kuandika programu inayofahamu majina ya mafaili na mpangilio wa makabati ya diski, kwa hiyo ililazimika kazi igawanywe, sehemu ndogo ikae mlangoni na sehemu kubwa ikae ndani, na hapo ndipo swali la anwani lilipozaliwa.

Jibu la kwanza lililoenea kwa Linux liliitwa LILO, programu iliyoandikwa na Werner Almesberger kuanzia mwaka 1992. LILO haikujua faili ni nini. Ilichojua ni kwamba kiini kimelala katika vipande fulani vya diski, kwa hesabu, na orodha ya vipande hivyo iliandikwa siku fundi alipotoa amri ya kuipanga. Mfano wake ni mtu anayeelekezwa nyumba kwa kuhesabu hatua kutoka stendi, bila kuambiwa jina la mwenye nyumba wala rangi ya mlango: hesabu ni sahihi hadi siku nyumba itakapohamishwa. Toleo jipya la kiini lilipowekwa juu ya lile la zamani, hata kama lilipewa jina lilelile, lilikaa katika vipande vingine vya diski, na aliyesahau kutoa tena amri ya lilo kabla ya kuzima mashine aliamsha vipande vilivyobeba takataka au kiini ambacho hakipo tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa hitilafu kuu ya kupandisha toleo kwa karibu muongo mmoja, na chanzo chake kilikuwa amri moja iliyosahauliwa.

LILO ilikuwa na tabia moja ambayo mafundi wa zama hizo hawajaisahau. Iliandika jina lake kwenye kioo herufi moja baada ya nyingine, kila hatua ilipotimia, hivyo mahali jina lilipokatikia palikuwa ndipo penye ugonjwa. Herufi L peke yake, mara nyingi ikifuatwa na namba zinazojirudia, ilimaanisha kwamba sehemu ya mlangoni imepakiwa lakini imeshindwa kuisoma ya ndani. LI ilimaanisha kwamba ya ndani imeletwa ila haikuweza kutekelezwa. LIL ilimaanisha kwamba imeanza kazi na kukwama ilipotafuta ramani yake. Na alama ya kuuliza au kistari baada ya LIL vilitaja makosa mengine mahususi zaidi. Jina zima, LILO, lilikuwa habari njema. Katika historia yote ya programu za kuamshia hakuna lugha ya kuelezea ugonjwa iliyokuwa fupi na ya haki kama hiyo, kwa kuwa mjuzi wa Kiingereza na asiyekijua walisoma kitu kimoja.

Jambo hilo la lugha linastahili kutazamwa kidogo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za kuandikia barua na kupiga hesabu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na msamiati uliotungwa kwa kazi hiyo ulikuwa hatua halisi katika lugha ya TEHAMA. Lakini tafsiri yoyote ya namna hiyo huishia pale dirisha linapofunguka. Ujumbe wa kiini chenyewe, unaopita kiooni kabla ya dirisha lolote, huandikwa kwa Kiingereza na hautafsiriwi kwa lugha yoyote, kwa uamuzi wa wanaokitunza. Mwalimu aliyezoea kuona “faili” na “hifadhi” kwenye menyu zake, mashine ilipogoma, alikutana na maneno “kernel panic”, yaani kiini kimetaharuki na kusimamisha kila kitu, yakifuatwa na mistari ya namba. Kiswahili kiliingia sebuleni bila kufika kwenye mtambo, na fundi akabaki kuwa mkalimani.

LILO ilikuwa na kikwazo kingine ambacho madhara yake yaliishi kuliko chenyewe. BIOS za zamani hazikuweza kusoma diski kupita mzunguko wa 1024, kipimo ambacho, kutegemea umri wa mashine, kilikuwa takriban megabaiti 504 au gigabaiti 8 za mwanzo. Diski zilipokua kupita hapo, kiini kipya kilichowekwa wakati wa kupandisha toleo kingeweza kuangukia upande wa mbali, ambako BIOS haioni, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa miaka ikagoma ingawa amri zote zilitolewa kwa usahihi. Dawa iliyobuniwa ilikuwa kutenga mwanzoni mwa diski kigawanyo kidogo, kilichoitwa /boot, kwa ajili ya viini na mafaili ya kuamshia tu. Kikwazo cha 1024 kiliondolewa karibu mwaka 2000, LILO ilipojifunza njia mpya ya kuhesabu, lakini desturi ya kutenga kigawanyo kidogo iliendelea, mwanzoni kwa mazoea na baadaye kwa sababu ya diski zilizofungwa kwa siri, ambazo huhitaji sehemu moja ya wazi ya kuanzia.

Dawa hiyo ikageuka ugonjwa. Mifumo ya baadaye ilianza kupokea viini vipya mara kwa mara kwa ajili ya usalama, na kila kiini kilikuja na initramfs yake, ambayo ni mfuko wa mafaili unaofunguliwa ndani ya kumbukumbu ili kiini kipate zana za kushikia diski halisi. Kigawanyo cha megabaiti mia moja au mia mbili kilijaa baada ya viini vichache, mfuko wa mwisho ukatengenezwa nusu au usitengenezwe kabisa, na mashine ilipoamshwa kiini kikaamka mikono mitupu, kikatangaza kwamba hakiwezi kushika diski, kisha kikataharuki. Anayekutana na hitilafu hiyo leo katika seva ya shule au zahanati anatibu, bila kujua, kovu la BIOS zilizotengenezwa kabla baadhi ya mafundi wa sasa hawajazaliwa.

Katika zama hizohizo ndipo ilipojengeka desturi bora kuliko zote za kazi hii, nayo ni kuacha kiini cha zamani kikiwa kizima kando ya kipya, chenye mstari wake katika menyu, ili mashine ikigoma fundi achague kile kilichofanya kazi jana. Waswahili walikwisha kusema usitupe mbachao kwa msala upitao, na wenye kutunza Linux wakaigeuza hekima hiyo kuwa kanuni ya programu: mifumo mingi sasa hukiacha kiini kilichotangulia bila kuulizwa. Fundi mwenye busara huanza hapo, kabla hajafungua skrubu hata moja. Kiini cha zamani kikiwaka, basi diski ni nzima, butiloda ni nzima, na ugonjwa umo katika kiini kipya au mfuko wake.

GRUB, iliyoanzishwa na Erich Boleyn mwaka 1995 na baadaye kuchukuliwa na mradi wa GNU, ilibadili swali lenyewe. Ilikuwa na uwezo wa kusoma mpangilio wa mafaili, kwa hiyo ilitafuta kiini kwa jina, na kusahau amri baada ya kubadili kiini hakukuwa tena hukumu ya kifo. Hata hivyo jina la faili halitoshi mpaka ijulikane diski ipi, na kigawanyo kipi ndani ya diski hiyo, na hapa ndipo lilipotokea tukio kubwa zaidi katika historia hii.

Kwa miaka mingi Linux iliziita diski za kawaida za ndani hda, hdb na kuendelea, kwa kufuata waya zilikochomekwa, huku majina sda na sdb yakiwa ya diski za aina nyingine. Majina hayo yaliandikwa katika menyu ya kuamshia, ambako kiini huambiwa diski ya mfumo ni ipi, na katika faili liitwalo fstab, ambalo ni orodha ya vigawanyo vinavyopaswa kushikwa na mahali pa kuvipachika. Kisha wanaotunza kiini wakaandika upya sehemu inayozungumza na diski, na katika matoleo ya mwaka 2007, yakiwemo Fedora 7 na Ubuntu 7.04, diski zilizokuwa hda zikaanza kuitwa sda. Diski haikusogea hata inchi moja, lakini menyu iliendelea kuulizia mtu asiyekuwepo tena kwa jina hilo. Ni kana kwamba halmashauri ya jiji ingeamka siku moja na kuzihesabu upya barabara za Ngamiani, eneo la Tanga ambalo njia zake hujulikana kwa namba, na barua zote zikaendelea kuandikwa kwa hesabu ya jana.

Suluhisho lililokwisha kuanza kuenea, na ambalo Ubuntu ililiweka katika toleo lake la Oktoba 2006, lilikuwa kuacha kabisa kuielekeza diski kwa mahali ilipo, na badala yake kuitambulisha kwa UUID, namba ndefu ya tarakimu na herufi 32 inayoandikwa ndani ya kigawanyo chenyewe siku kinapotengenezwa. Msomaji wa Tanzania ana wepesi wa kulielewa jambo hili kuliko msomaji wa Ulaya, kwa kuwa barua za nchi hii kwa sehemu kubwa zimekuwa zikitumwa kwa sanduku la posta, ambalo ni la mtu au ofisi na si la nyumba. Mtu akihama Chumbageni kwenda Makorora, namba ya S.L.P. humfuata, na mwandishi wa barua hahitaji kujua kwamba amehama. UUID ni sanduku la posta la kigawanyo. Ina udhaifu uleule pia: sanduku likifungwa na lingine kufunguliwa, barua hurudi, na vivyo hivyo anayefuta kigawanyo na kukitengeneza upya wakati wa kupandisha toleo hupata namba mpya, huku fstab na initramfs zikishikilia ya zamani.

Masanduku ya posta yaliingia katika historia hii kwa njia nyingine pia. Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na kupewa jina ambalo kila msemaji wa Kiswahili husikia ndani yake neno utu, uligawa sidii bila malipo kwa yeyote aliyeandika anwani yake, hadi huduma hiyo ilipofungwa mwaka 2011. Kabla ya kebo ya baharini ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, intaneti ya Tanzania ilitegemea sana setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole, hivyo toleo jipya lilifika kwa bahasha. Kupandisha toleo kwa sidii kulikuwa na faida iliyokuja kutambuliwa baadaye: programu zote zilikuwa mkononi kabla kazi haijaanza, na sidii hiyohiyo ilikuwa chombo cha uokoaji. Kebo ilipofika na bei ya intaneti kushuka, mashine zikaanza kujiletea matoleo kupitia waya, na hatari mpya ikaingia, ile ya kazi kukatikia katikati.

Umeme ulikuwa mmoja wa wakatizaji hao, ingawa Tanga ina mkono wake katika nishati ya nchi. Mto Pangani unazalisha umeme ndani ya mkoa huo, pale Hale, ambako mtambo wa megawati 21 ulianza kazi mwaka 1964, na pale New Pangani Falls, wenye megawati 68, uliokamilika mwaka 1995. Hilo halikuuepusha mkoa na mgao, kwa sababu umeme wote huingia katika gridi moja ya taifa, na ukame wa mwaka 2006 na upungufu wa mwaka 2011 viligusa karibu kila mji uliounganishwa. Umeme ukikatika wakati mfumo unapandishwa, mamia ya vifurushi vya programu hubaki vimefunguliwa bila kupangwa, kiini kipya kikiwa kimewekwa lakini mfuko wake haujafungwa. Katika familia ya Debian na Ubuntu dawa ya kwanza ni amri ya dpkg --configure -a, inayomalizia upangaji ulioachwa njiani. Yu-pi-es, kile kisanduku chenye betri kinachoipa mashine dakika chache za kupumua, imeokoa seva nyingi kuliko kitabu chochote cha ufundi, ingawa katika bajeti za ofisi huwa ya kwanza kukatwa.

Kwa mashine za mitumba hitilafu ilikuwa ya aina nyingine, nayo haikuwa na tiba ya anwani. Ubuntu 12.10, ya Oktoba 2012, iliacha kutoa kiini kwa prosesa zisizo na PAE, uwezo unaoiruhusu prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu kubwa zaidi, na baadhi ya kompyuta mpakato za miaka ya 2003 na 2004, ambazo wakati huo zilikuwa bado bidhaa nzuri katika maduka ya Afrika Mashariki, zilipokea toleo jipya na kujibu kwamba kiini kinadai kitu ambacho prosesa haina. Debian 9 ya mwaka 2017 iliziacha prosesa za zamani zaidi, na Debian 13 ya mwaka 2025 haitoi tena kiini cha mashine za biti 32 za kawaida. Maamuzi hayo yana sababu za maana kwa wanaoyafanya, lakini yamefanywa na watu ambao mashine ya miaka kumi kwao ni taka, na ambao hawajawahi kuinunua kama mpya.

Ufundi wa uokoaji wenyewe ulipata umbo lake baada ya mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alipotoa Knoppix, mfumo mzima wa Linux unaowaka kutoka sidii bila kugusa diski. Kabla ya hapo uokoaji ulifanywa zaidi kwa diski laini zenye zana chache. Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele unaotazama baraza na mlango wa uani, na ukikwama wa mbele wenyeji hawabomoi ukuta. Sidii ya uokoaji, na baadaye flashi, ndiyo mlango wa uani wa kompyuta. Fundi huamsha mashine kwa mfumo wa ugenini, hushika vigawanyo vya mgonjwa, kisha hutumia amri ya chroot, inayoufanya mfumo wa ugenini uione diski ya mgonjwa kuwa ndiyo nyumba yake, na kutoka humo ndani huitengeneza upya initramfs, huisimika upya butiloda, na kuilinganisha fstab na namba halisi za vigawanyo. Mpangilio huo wa kazi haujabadilika sana kwa zaidi ya miaka ishirini, jambo la nadra katika fani hii.

GRUB 2, iliyoandikwa upya kabisa na kuingizwa katika usakinishaji mpya wa Ubuntu 9.10 mwaka 2009, ilirudisha kosa la kale kwa sura mpya. Sehemu yake ya msingi huwekwa katika nafasi finyu iliyo kabla ya kigawanyo cha kwanza, na sehemu zake nyingine hukaa kama mafaili ya kawaida ndani ya diski, hivyo nusu mbili zinaweza kuwa za matoleo tofauti. Waangalifu walikuwepo: Debian 6 ya mwaka 2011 iliwapa watumiaji nafasi ya kuijaribu GRUB 2 kupitia menyu ya GRUB ya zamani kabla ya kuikabidhi mlango, na huo ni mfano wa hadhari ambao ungefaa kuigwa zaidi. Julai 2020, baada ya kutangazwa kwa udhaifu wa usalama uliopewa jina BootHole, GRUB mpya ilisambazwa kwa haraka, na mashine nyingi za Ubuntu na Debian, ambazo kumbukumbu yao ya diski ya kusimikia GRUB haikuwa sahihi, zilipata mafaili mapya huku sehemu ya msingi ikibaki ya zamani. Zilipoamshwa zilisema hazioni alama iitwayo grub_calloc, zikasimama. Wiki hiyohiyo mashine za Red Hat na CentOS nazo zilikwama kwa kasoro iliyokuwa katika marekebisho yenyewe.

Systemd, programu ya kwanza inayoitwa na kiini katika mifumo mingi ya sasa, iliingia Debian 8 mwaka 2015 ikiwa na ukali ambao mtangulizi wake hakuwa nao. Diski iliyoandikwa katika fstab lakini haipo, pengine flashi iliyochomolewa miezi iliyopita, ilikuwa ikipitwa kwa onyo. Sasa mashine husubiri sekunde 90 kisha huingia katika hali ya dharura, isipokuwa kama mstari huo umewekewa neno nofail. Hitilafu hiyo ni nyepesi kutibu na nzito kushukiwa, kwa sababu kosa liliandikwa zamani na likasamehewa kwa miaka.

Badiliko la mwisho limeigusa maana ya swali lenyewe. UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, huitafuta butiloda kama faili katika kigawanyo maalumu, na tangu ujio wa Windows 8 mwaka 2012 kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na ulinzi uitwao Secure Boot, unaokataa kuendesha butiloda isiyo na sahihi inayoaminika. Programu za Linux hupita hapo kwa kutumia shim, kipande kidogo kinachotiwa sahihi na Microsoft. Kwa hiyo mlinzi wa mlangoni, aliyekuwa akiuliza mrithi anakaa wapi, sasa anauliza pia mrithi huyo ni nani na nani amemdhamini. Agosti 2024 marekebisho ya Windows yaliongeza orodha ya vizazi vya butiloda vilivyokataliwa, na ingawa hayakukusudiwa kufika kwenye mashine zenye mifumo miwili, yalifika. Upande wa Linux ukagoma katika kompyuta ambazo wenyewe hawakuwa wamepandisha toleo lolote la Linux.

LILO iliacha kutunzwa mwezi Desemba 2015. Vigawanyo vinne navyo vimepitwa, kwani diski za leo hutumia jedwali la GPT lenye nafasi za kawaida 128. Hata hivyo sehemu ya kwanza ya diski hizo, yenye baiti 512, haijaachwa wazi: huwekwa humo jedwali la kinga ili programu za zamani zisiidhanie diski kuwa tupu, na baiti mbili za mwisho wake bado ni 55 na AA, alama ileile ya mwaka 1983.